Shughuli Namba Kumi na Nne

Watu waliotunga ile orodha hawajawahi kukanyaga mchanga wa kwetu. Nasema hivi mapema ili lawama zigawanywe vizuri, kwa sababu na mimi nina za kwangu, na nitazitaja zamu yake ikifika.

Orodha ilikuwa na shughuli kumi na nane: kutembea, kukimbia, kukaa, kusimama, kupanda ngazi, kupiga mswaki, kukunja nguo, kuchapa kwenye kompyuta, kula tambi kwa uma, na nyingine za namna hiyo, mpaka unafika ya kumi na nne, kudunda mpira wa kikapu. Ilitoka chuo kimoja cha ng'ambo, ikaja pamoja na saa janja thelathini zilizolazwa kwenye sanduku la sponji. Kila saa ina kidude ndani kinachohisi mkono unavyotikisika, mara hamsini kwa sekunde moja, kisha kinaandika. Ukikusanya mitikisiko ya watu wengi wanaofanya kazi ileile, kompyuta inajifunza. Siku nyingine ikipewa mtikisiko mtupu inasema huyu anapiga mswaki, huyu anakunja nguo. Ukiuliza kompyuta inataka kuyajua hayo ili iweje, unajibiwa kuwa huo ndio utafiti.

Mimi naitwa Nuru. Nimezaliwa kijiji kimoja kando ya barabara ya Nanyamba, nikasoma mpaka stashahada, na nilikuwa mkusanya data. Bosi wangu alikuwa Dokta Anold, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, anayevaa soksi hata Desemba. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mjini Mtwara karibu na geti la bandari, na kila lori la korosho lilipopita, karatasi zake za grafu zilitetemeka ukutani. Alikuwa amebishana na wale wa ng'ambo wiki nzima mpaka wakamruhusu kuongeza kazi nne za huku: kulima kwa jembe, kutwanga, kuokota korosho na kubangua. Kwa hilo nilimheshimu. Kwa zile tambi, hapana.

Kazi yangu ilikuwa kusimama na simu. Mtu akianza shughuli nabonyeza Anza, akimaliza nabonyeza Mwisho, halafu nachagua jina la shughuli. Hilo jina ndilo kila kitu. Saa haijui lolote zaidi ya kwamba mkono umetikisika, na kompyuta inaamini jina nililochagua mimi. Dokta aliwahi kuniambia kwamba mimi ndiye mwalimu wa mtambo, nikatembea nimevimba kichwa siku mbili.

Nilichukua wanawake kumi na wawili wa kijijini kwetu, wakulima wa korosho na mihogo, watu wanaonijua tangu natembea bila viatu. Tulianza na ngazi. Kijiji hakina ghorofa, kwa hiyo tulitumia ngazi tatu za darasa la nne. Panda, geuka, shuka, panda, dakika kumi kila mtu, mpaka mwalimu mkuu akatoka kuuliza kama tuko salama. Tambi walizila kwa uma wakinitazama kwa huruma. Kisha ukaja mpira.

Nilikuwa nimenunua mpira mpya mjini, umejaa upepo. Husna ndiye aliyeanza, maana Husna ndiye mshiriki wangu bora. Ni mwanamke mnyoofu wa thelathini na kitu, ukimwambia simama hapa anasimama hapo hapo mpaka umkumbuke. Akaunyanyua mpira, akaubamiza uani kwake kama nilivyomwonyesha. Mpira ukasema puf, ukakaa. Haukurudi hata unene wa kidole. Akaubamiza tena, puf. Kwetu ni mchanga mtupu, muhogo unang'olewa kwa mkono mmoja, sasa mpira utadundia wapi. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakimbilia chooni, na safu ya kumi na nne kwenye jedwali la Dokta ikabaki nyeupe.

Awamu ya pili ilikuwa ya kuvaa saa wiki nzima bila kuvua, ila wakati wa kuoga, ndipo nazichaji na data yake inakwenda kwa Dokta. Jioni napita nyumba kwa nyumba nauliza saa tatu ulifanya nini, saa nne ulifanya nini, naandika. Muda usio na jina, au ambao saa imevuliwa, unaitwa haijulikani. Mtu akifikisha saa mbili za haijulikani anaondolewa kwenye utafiti, na mimi naandika barua ya maelezo. Nazichukia barua za maelezo kuliko ninavyochukia malaria.

Wiki hiyo ilikuwa ya likizo ya Desemba, na Jumamosi yake kulikuwa na unyago. Kwa asiye wa kwetu, unyago ni mahali wasichana wanapofundwa na wanawake, na mwanaume hafiki. Hiyo inatosha. Zaidi ya hapo sikwambii hata wewe unayesoma, na ukinuna, nuna.

Mkubwa wa shughuli, ambaye sisi tunamwita nyakanga, ni Bi Sharifa. Ana miaka sabini na ushee, mwembamba, na hasemi jambo mara mbili. Ndiye aliyenifunda mimi, akamfunda Husna, na mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya binti yangu Farida. Tangu simu zianze kupiga picha, Bi Sharifa huweka beseni la bati mlangoni, na kila simu inaingia humo kabla mwenyewe hajaingia. Saa hazikuwamo kwenye sheria. Saa ni saa, hata maalimu wa madrasa anavaa.

Sasa zamu ya lawama zangu. Ijumaa jioni Husna, ambaye kati ya washiriki wangu ndiye pekee mwenye kazi kwenye ngoma ya kesho yake, aliniuliza kama aivae hata kesho. Nilielewa vizuri kabisa anauliza nini. Lakini nilifikiria zile saa mbili za haijulikani, nikafikiria barua ya maelezo, nikamwambia avae hata kesho. Na kesho yake nilikuwamo humo ndani, ngoma zinalia, mchana kweupe, nikaiona taa ya kijani ya saa ikipepesa chini ya bangili za Husna. Nilichowaza wakati ule ni kwamba chaji inatosha. Mungu ananiona.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Dokta Anold amebandika karatasi ukutani, urefu wa mita mbili, anaitazama kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Akaniita. Akasema tangu aanze kazi hii hajaona mtikisiko mzuri namna hii. Saa mbili na dakika arobaini bila kuchoka, umegawanyika vipande saba, kila kipande na mwendo wake, unaanza polepole na kupanda. Ulikuwa wa mkono wa Husna, wa Jumamosi, ambao nilikuwa bado sijauandikia jina. Amelinganisha na kutwanga, si kutwanga. Amelinganisha na kubangua, kulima, kukunja nguo, sizo.

Niliitazama karatasi. Nilikuwa naisoma. Niliona pale ngoma ilipobadilika. Niliona kipande cha tatu, kile ambacho wote tunacheka na Husna anapiga paja lake. Niliona pale ambapo, basi, pale. Na mtu wa Bukoba aliyevaa soksi alikuwa anapitisha kidole juu yake taratibu, akinionyesha kilele kimoja baada ya kingine.

Akasema kama mimi sijui ni shughuli gani, hakuna neno. Alhamisi atakuja kijijini na kamera, amwombe Husna airudie kidogo mbele yake.

Macho yakaniangukia kwenye jedwali. Safu zote zilikuwa zimejaa, isipokuwa moja.

"Ni namba kumi na nne, Dokta," nikasema. "Kudunda mpira."

Aligeuka kulitazama jedwali. Kisha uso ukamchanua, nikaona aibu hata kumtazama. Safu ile nyeupe ilikuwa inamnyima usingizi. Hapo hapo akaliandika jina, akabonyeza, na faili likapanda kwenye mtambo wa ng'ambo. Nikadhani nimepona. Ndipo akasema Alhamisi atakuja vilevile na kamera yake, kwa sababu mwanamke anayedunda mpira saa mbili na dakika arobaini bila kupumzika ni jambo ambalo lazima alione.

Mchana ule ule nilipanda bodaboda. Bi Sharifa nilimkuta barazani kwake, ametandaza korosho kwenye mkeka, anatenga nzuri na mbovu. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa chini. Nikasema yote kwa mkupuo, saa, Husna, Ijumaa, mimi, karatasi ya mita mbili, mpira. Mikono yake haikuacha kuchambua. Aliuliza kama kuna picha, nikasema hakuna. Akauliza kama kuna sauti, nikasema hakuna, saa imechukua mkono tu.

"Nkono tu," akasema. "Mle ndani kuna nini kingine zaidi ya nkono? Mmechukua chote."

Akaniuliza kama hilo faili linafutika, nikamwambia limeshapanda, nakala ziko ng'ambo, na kulifuta kunahitaji barua yenye sababu. Akatupa korosho mbovu uani. Kuku wakaja kuitazama, wakaondoka.

"Na hicho kidude, kikiulizwa na nnaume, kinasema nini?"

"Kinasema nilichokiambia mimi, bibi."

"Wewe umekiambia mpira."

"Mpira."

Mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja, kisha ukatulia. Akanihukumu pale pale. Faini yangu ni jogoo mmoja, mweupe, asiye mgonjwa. Hilo nililitegemea. Lililofuata sikulitegemea.

"Farida nitancheza unyago mwakani, ntoto hana kosa," akasema. "Wewe utakaa barabarani na wanaume. Mpaka nijue mwenyewe kwamba hicho kidude kimenyamaza."

Nililia. Sikulia kistaarabu, nililia kamasi. Farida ni mtoto wangu wa pekee. Msichana akitolewa nje siku ile, kabla hajaona jua wala umati, anatafuta uso wa mama yake. Mimi niliutafuta wa mama yangu, nikauona, na mpaka leo nikiwa na shida ndio ninaoufikiria. Sasa wangu atatoka, atatafuta, na mama yake yuko barabarani na kina Mustafa, katibu wa chama cha wakulima, wanabishana juu ya bei ya korosho. Nilimwambia Bi Sharifa hivyo hivyo. Akaniambia nifute pua.

Halafu akauliza huyo daktari anakuja Alhamisi saa ngapi.

Sijawahi kuona matayarisho kama yale, hata ya harusi. Tatizo la kwanza lilikuwa mchanga. Ukiondoa msikiti, sakafu ya saruji kubwa kijijini ni ya ghala la chama cha msingi, na bahati ilikuwa upande wetu, korosho za msimu zilikuwa zimeshapelekwa mnadani. Mustafa alikataa kutoa ufunguo. Mkewe akaenda kuzungumza naye chumbani, ufunguo ukatoka. Mipira mingine niliazima shule ya sekondari. Siku mbili nzima wanawake kumi na wawili walijifunza kudunda mpira chini ya bati, makelele yakasikika mpaka shambani, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyeuliza kuna nini. Wanaume wa kwetu wana kipaji hicho. Wakiona wanawake wanafanya jambo lisilo na kichwa wala miguu kwa bidii kubwa, wanageuka kutazama mikorosho.

Bi Sharifa naye alidunda. Nilimwambia si lazima, yeye si mshiriki. Akasema jambo likiwa la wote ni la wote, akajifunga kanga kiunoni.

Alhamisi Dokta Anold alifika na kamera na soksi. Tukawavalisha wanawake saa, Bi Sharifa tukampa ya akiba, wakaanza. Husna alidunda mpira bila kuuangalia, amekaza macho ukutani, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwonyesha siku ya kwanza na hakuna aliyemwambia abadilishe. Wengine walikimbizana na mipira yao kama wanaokimbiza kuku. Mmoja ulimtoroka mwenyewe, ukampiga Mustafa miwani ikaanguka. Bi Sharifa alisimama katikati ya ghala kwenye mizani ya korosho, akaubamiza mpira kwa kiganja, bila haraka, bila kukosea, huku akimtazama Dokta usoni. Dokta alirekodi kila kitu. Aliondoka na mfuko wa korosho na shukrani nyingi, na mimi nikarudi naye mjini nikiwa na tumaini la kijinga.

Ijumaa aliniita ofisini akafunga mlango. Alikuwa amebandika karatasi mbili, ya Jumamosi juu, ya Alhamisi chini. Ya chini ilikuwa vilima vidogo vidogo vinavyofanana, tap, tap, tap. Ya juu ilikuwa ile. Hata kuku angeona ni vitu viwili mbalimbali. Nilikaa kwenye kiti, mikono mapajani, nikingoja kufukuzwa. Nilichofikiria si mshahara, nilifikiria Farida anatazama huku na huku.

Dokta hakupaza sauti. Alianza kunieleza habari za mama yake. Alisema kila mwaka, kijijini kwao, mama na wanawake wenzake waliondoka siku tatu, na baba aliwaambia watoto wamekwenda kutafuta kuni. Siku ya nne walirudi wamechoka na wamefurahi, na hakuna hata mmoja aliyerudi na kijiti. Yeye alipokuwa darasa la tano alimuuliza baba yake kuni ziko wapi, akapigwa kofi moja la haraka, na baba akaendelea kula.

"Nilielewa baada ya miaka ishirini," akasema. "Nikuulize mara moja tu, Nuru. Hii ya juu ni nini?"

Ningeweza kumwambia kweli. Alikuwa mtu wa kuambiwa kweli. Lakini haikuwa yangu peke yangu.

"Ni mpira, Dokta."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka. Akasema kulifuta faili kunahitaji kuandika sababu, na sababu hiyo yeye haijui wala hataki kuijua, kwa hiyo litabaki kama lilivyo. Akaibandua ile karatasi ndefu, akaikunja vizuri kwenye mikunjo minne, akanipa, akasema jikoni kwangu bila shaka kuna moto. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani niliichoma, na nilipika nayo chai.

Februari wafadhili walikuja. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli mjini Mtwara, viti vina vitambaa, chupa za maji, na wakubwa wa koti safu ya mbele. Dokta alisisitiza washiriki nao waalikwe, kwa hiyo Husna na Bi Sharifa walikuwamo, wamevaa kanga mpya. Kwenye skrini kubwa kulikuwa na mtambo uliokwisha kufundishwa. Unavaa saa, unafanya kitu, skrini inasema unafanya nini na ina uhakika kiasi gani.

Alianza Zuberi, mpakiaji mizigo wa bandarini, aliyekuwa kwenye kundi letu la mjini. Alibeba gunia, skrini ikasema anakunja nguo. Watu wakacheka, Zuberi akasema hata mkewe hajawahi kuona ajabu hiyo. Husna akatwanga kwenye kinu kitupu, skrini ikasema kutwanga. Akadunda mpira, skrini ikasema kudunda mpira. Makofi. Dokta akapata moyo, akauliza kama kuna yeyote ukumbini angependa kujaribu, afanye chochote anachotaka.

Bi Sharifa akasimama.

Nilimjua, na nilijua anachokwenda kufanya, maana alikuwa ameniambia tangu siku ile barazani: mpaka nijue mwenyewe. Alitembea mpaka mbele, akanyoosha mkono, na mimi ndiye niliyemvalisha saa. Nilimsihi kwa macho. Akanitazama kama ninavyotazamwa na kila aliyewahi kunifunda jambo. Akaketi kwenye kiti kilichowekwa katikati, akaufunika mkono wake kwa kanga mpaka kwenye vidole, akatulia, uso mkavu kama wa mtu anayesubiri zamu hospitali.

Kanga ikaanza kutikisika kidogo. Kidogo sana. Aliyekaa safu ya pili angedhani bibi anatetemeka kwa uzee. Mimi nilikijua. Kilikuwa kipande cha tatu. Alikifanya chote, mbele ya wanaume arobaini, wawili wao mashekhe na mmoja mchungaji, na hakuna aliyeona kitu ila saa.

Skrini ilifikiri. Pale ilipokuwa inafikiri nilimwona Farida, nikamwona mama yangu, nikaona na barua ya kufukuzwa. Kisha maandishi yakatokea, makubwa, meusi, ukumbi mzima ukayasoma: KUDUNDA MPIRA, asilimia tisini na tisa.

Wanaume walimtazama bibi kizee aliyekaa kitini mikono ndani ya kanga, bila mpira. Nyuma kabisa, walipokuwa wamekaa wanawake watatu wa kutoka Newala na Tandahimba, ambako nako kuna unyago, mmoja alianza kukohoa. Wa pili akamwinamia kumsaidia, naye akakohoa. Mgeni rasmi, bwana mwenye miwani ya dhahabu, akauliza kwa upole kama mtambo umekosea.

Dokta Anold alikuwa amesimama pembeni ya skrini. Alimtazama Bi Sharifa. Alinitazama mimi. Nadhani hapo ndipo alipojua kwa hakika kile alichokataa kukijua, na nadhani alisikia tena lile kofi la baba yake.

"Haujakosea, mheshimiwa," akasema. "Huyu bibi ni mchezaji."

Akabonyeza kompyuta yake, na kwenye skrini akatokea Bi Sharifa ndani ya ghala, kanga kiunoni, juu ya mizani ya korosho, anabamiza mpira bila kukosea hata mara moja. Ukumbi ulilipuka makofi. Mgeni rasmi alisimama. Akaeleza wenzake kwamba mkono wa mchezaji wa kweli haulali, unacheza hata mwenyewe akiwa amepumzika, na wote wakakubali, maana wakubwa wakishaeleza jambo, jambo linakuwa limeeleweka. Afisa michezo mmoja akachukua jina la Bi Sharifa kwa ajili ya bonanza la Nane Nane. Wale wanawake watatu walikuwa wametoka nje kutafuta hewa.

Nilikwenda kumvua saa. Alinipa mkono, akanisubiri nifungue kile kishikizo, saa ikatoka. Ndipo akainama kidogo kama anayeniomba maji.

"Kimenyamaza," akasema. "Jogoo sijanwona bado. Desemba njoo na Farida, usimame mbele, ntoto akitoka akuone. Na hicho kidude chako, chenyewe ndicho kitakachokaa barabarani na wanaume."